Nuru ya Kuazima

Imamu Ghazali, katika kitabu chake Mishkat al-Anwar, ataja mbalamwezi iingiayo dirishani, ikaangukia kioo, ikarudishwa ukutani, kisha ikaimulika sakafu, akabainisha kuwa nuru yote hiyo ni ya kuazima na asili yake ni jua. Na kwa ngazi hiyo akapanda hadi kunena kwamba Nuru ya haki ni Mwenyezi Mungu peke yake. Asili hiyo siipingi. Ila nauliza: je, mwazimaji hana fadhila yoyote?

Hapa Mpanda, ambako reli ilifika mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi, jiwe la galena likivunjwa hudhihirisha nyuso bapa zing'aazo mithili ya fedha, na likikaa hewani hufifia, ingawa jua ni lile lile. Uso laini huirudisha nuru kwa pembe ile ile iliyoujia, kama alivyothibitisha kwa majaribio Ibn al-Haytham wa Basra. Hivyo mng'ao wake humfikia aliyesimama mahali pake tu, na mwenziwe aliye kando haambulii kitu. Ukuta wa udongo huitawanya kila upande, bila fahari, na wote waliomo chumbani huuona. (Tope la Mto Katuma, wanamolundikana viboko wakati wa kiangazi, lina tabia zote mbili: likilowa hung'aa, likikauka hutawanya.) Kwa rai yangu wahubiri wetu wamezidisha kuusifu moyo uliosuguliwa kama kioo, hali karatasi ya Msahafu yenyewe husomeka vyema kadiri isivyong'aa.