Jua Lisilotua na Fardhi ya Isha

Katika mwaka 922, Ibn Fadlan, mjumbe wa Khalifa al-Muqtadir aliyetoka Baghdad kwenda kwa mfalme wa Bulghar kando ya mto Volga, aliketi hemani mwake pamoja na mshonaji wa mfalme, ambaye naye asili yake ni Baghdad, wakizungumza huku wakingojea adhana ya isha. Na kabla mazungumzo hayajarefuka adhana ikasikika, wakatoka nje, kumbe alfajiri imekwisha kupambazuka. Mwadhini alipoulizwa akasema kuwa isha wao huisali pamoja na magharibi, na kwamba yeye mwenyewe kwa muda wa mwezi mzima hakuthubutu kulala usiku, kwa kuchelea kupitwa na sala ya asubuhi.

Mambo yanayomshangaza mgeni ughaibuni aghalabu si yale makubwa aliyoonywa kabla ya safari, kama baridi au lugha, bali ni yale ambayo hakuna aliyedhani kwamba yanahitaji kuonywa. Mtu wa pwani yetu, aliyezaliwa mahali ambapo tofauti baina ya mchana mrefu kabisa wa mwaka na mchana mfupi kabisa haifiki saa moja, huishi akiamini, pasipo hata kujua kwamba anaamini, kuwa jua kutua mnamo saa kumi na mbili ni sehemu ya dini yake. Nilipokuwa nikifanya kazi Tromsø, kaskazini ya Norwei, ambako tangu takriban tarehe 20 Mei hata 22 Julai jua halitui kabisa, nilimwona jirani akifyeka majani ya uwanja wake saa sita ya usiku, na watoto wakicheza mpira barazani pake, na jua lenyewe limesimama upande wa kaskazini, yaani nyuma yangu nikielekea kibla. Kwani sisi tuliozoea kusali kwa kuikabili kaskazini, huko huipa kisogo, na asiyewahi kusafiri hatasadiki jinsi jambo hilo linavyoutia mwili mashaka hata akili ikiwa imekwisha kuridhika na ramani.

Hapo ndipo linapozuka suala: je, jua ni sababu ya fardhi, au ni alama yake tu? Al-Baqqali, mwanachuoni wa Kihanafi wa Khwarazm, alisema kuwa watu wa Bulghar, ambao wakati wa kiangazi mwanga wa magharibi hauwatoweki kabla ya alfajiri kuingia, hawana isha ya kuisali. Na hoja inayosimuliwa kwake ni ya mtu aliyekatwa mikono juu ya viwiko, ambaye akitawadha haamrishwi kuosha kiungo asichokuwa nacho. Ni hoja kali, tena haina woga, nami naipenda zaidi kuliko majibu mengi yaliyotolewa kuipinga. Lakini mkono uliokatwa umeondoka, ilhali wakati haukuondoka: chini ya jua lile lisilotua mtu huona njaa, huchoka, husinzia, na ndevu zake humea kama kawaida. Kilichokosekana ni alama. Na katika Sahihi ya Muslim imo hadithi ya Dajjal, ambamo masahaba, walipoambiwa kwamba moja katika siku zake itakuwa kama mwaka, waliuliza kama sala za siku moja zitawatosha kwa siku hiyo, wakajibiwa kuwa hazitoshi, bali wakadirie.

Wakadirie kwa kipimo gani? Hapo ikhtilafu haijesha. Wako wanaofuata saa za Makka, na wako wanaofuata mji ulio karibu ambao usiku na mchana wake bado hupambanuka, kama ilivyo kauli mashuhuri ya Mashafii. Mimi naegemea kauli hii ya pili, maana Makka tumepewa kuwa kibla, hatukupewa kuwa saa; hata Unguja hapajapata kuadhiniwa kwa kulitazama jua la Makka. Hata hivyo sithubutu kumlaumu mpakuzi wa samaki bandarini afuataye Makka, kwani Oslo, iliyo kusini ya Norwei hiyo hiyo, mwezi wa Juni jua lake hukaa juu karibu saa 19, na saumu ya urefu huo juu ya kazi ya kubeba makasha si ya kila kifua. Neno langu kwake ni moja tu: Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na aliyeshika Makka kwa ajili ya wepesi wa kiangazi sharti aishike vile vile itakapoangukia Desemba, wakati jirani yake afuataye Oslo atakapokuwa anafuturu saa tisa na robo ya alasiri.