Kadi ya Mwepu, Mgongo wa Mulamba

Uwanja wetu wa Mahagi-Port ulikuwa karibu mno na maji ya ziwa. Mpira ukipigwa kwa hasira ulikwenda kutulia katikati ya mitumbwi, na mmoja wetu alilazimika kuufuata, kaptula ameikunja, huku akina mama walioanika samaki wakimgombeza kwa Kialur asikanyage nyavu. Hapo ndipo nilipomtendea rafiki yangu jambo ambalo mpaka leo sijaliandika popote. Nitalisema. Lakini haliwezi kueleweka bila redio ya baba mdogo.

Mwaka 1974 nchi yetu iliitwa Zaire, na hata ziwa letu lilikuwa limepewa jina la rais, Mobutu Sese Seko. Baba mdogo alikuwa na redio, na watu wa mtaa walikuja kwake kusikiliza Kombe la Dunia la kule Ujerumani Magharibi, maana Chui wetu walikuwa timu ya kwanza kutoka kusini ya Sahara kufika huko. Sisi watoto wa baadaye tulipata masimulizi tu. Kila alipofika kwenye mechi ya Yugoslavia alishusha sauti na kusema maneno yale yale: Mulamba alimpiga mwamuzi teke, akatolewa, tukafungwa tisa. Nilikua nikimchukia Mulamba. Katika kichwa changu cha utoto yeye ndiye aliyetuaibisha.

Nilikuwa tayari mtu mzima, nakaa Bunia, nilipofahamu kwamba Mulamba hakumgusa mwamuzi.

Siku ile, tarehe 18 mwezi wa sita, huko Gelsenkirchen, mambo yaliharibika mapema. Yugoslavia walikwishafunga matatu, kipa Kazadi Mwamba akatolewa akaingia Tubilandu Ndimbi, na kabla hajazoea lango, katika dakika ya 22, Katalinski akafunga la nne. Wachezaji wetu wakamzingira mwamuzi Omar Delgado wa Kolombia wakilalamika kwamba mfungaji alikuwa ameotea. Katika msongamano ule mguu mmoja ukampata mwamuzi kwa nyuma. Mguu huo ulikuwa wa Mwepu Ilunga, beki, jezi namba 2. Delgado akageuka na kumtoa Mulamba Ndaye, mshambuliaji, jezi namba 13.

Kukosea mtu katika fujo kunaweza kumpata yeyote, na mwamuzi hana macho kisogoni. Kinachoniuma ni kilichofuata. Mulamba mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alilia, akamweleza mwamuzi kuwa si yeye, na kwamba hata Mwepu alikiri. Mwamuzi hakutaka kusikia. Mulamba alisema pia kwamba rangi ya ngozi yao ilikuwa na sehemu yake katika kosa lile, na mimi sina sababu ya kumbishia mtu aliyekuwa ndani ya uwanja. Akatoka. Zaire wakamaliza mechi wakiwa kumi, wakafungwa 9 kwa 0.

Na mtu huyu hakuwa mchezaji wa kujazia timu. Miezi mitatu tu kabla yake, kule Misri, alikuwa amefunga mabao 9 katika Kombe la Afrika. Fainali na Zambia iliisha 2 kwa 2, ikarudiwa, tukashinda 2 kwa 0, na mabao yetu yote manne ya fainali zile mbili yalikuwa yake. Hakuna aliyefikisha mabao 9 katika Kombe la Afrika moja, si kabla yake wala tangu hapo.

Mwepu naye ana sehemu ambayo dunia nzima inaikumbuka. Siku nne baada ya Yugoslavia, Brazil walipata mpira wa adhabu. Kabla hawajaupiga, Mwepu akachomoka kwenye ukuta na kuubutua mbali. Watu waliangua kicheko, na kwa miaka mingi watangazaji wa Ulaya walionyesha picha ile kama ushahidi kwamba Waafrika hawakujua sheria za mpira. Mwepu alizijua sana. Alieleza baadaye kwamba alikuwa na hasira, kwa kuwa wachezaji hawakulipwa na wakubwa walikuwa wamewatisha, na kwamba alitaka atolewe nje. Alipewa kadi ya njano. Kadi nyekundu aliyoistahili aliibeba mwenzake, na aliyoitafuta kwa makusudi akanyimwa.

Baadaye jina la Mulamba likaendelea kupata mikasa. Mwaka 1994 alialikwa Tunisia kuheshimiwa katika Kombe la Afrika. Aliporudi Kinshasa majambazi wakamvamia na kumpiga risasi mguuni, na hatimaye akakimbilia Afrika Kusini. Mwaka 1998, katika Kombe la Afrika la Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama kimya kwa dakika moja kumlilia, kwa sababu habari zilidai amefia kwenye machimbo ya almasi ya Angola. Yeye alikuwa hai. Alifariki Johannesburg mwezi wa kwanza 2019. Mara mbili dunia ilimkosea, na mara zote mbili ilifanya hivyo kwa uhakika kamili.

Waingereza nao waliwahi kufanya kosa hilohilo. Mwezi wa tatu 2014, Arsenal wakicheza na Chelsea, Oxlade-Chamberlain wa Arsenal alizuia mpira kwa mkono. Mwamuzi Andre Marriner akamtoa mwenzake, Kieran Gibbs, ingawa Oxlade-Chamberlain alimwambia wazi kwamba ni yeye. Baada ya siku chache chama cha mpira kilimfutia Gibbs kadi ile. Miaka 40 inatenganisha makosa haya mawili, na la pili lilisahihishwa kabla wiki haijaisha. Picha za video zilipoanza kumsaidia mwamuzi, kukosea mtu kulikuwa moja kati ya mambo manne aliyoruhusiwa kuangalia upya: bao, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na kama kadi imempata mwenyewe. Ninapofikiria hilo la nne ninamwona Mulamba akitoka uwanjani analia.

Lakini kuna kosa jingine ambalo video haiwezi kulinasa, pale adhabu inapompata mtu mwenyewe na bado ikamkosa aliyeisababisha. Mwezi wa sita 2021, kijana wa Kinshasa aliyekuwa aking'ara Stuttgart kwa jina la Silas Wamangituka alijitokeza na kusema kwamba jina lake halisi ni Silas Katompa Mvumpa, na kwamba alizaliwa 1998, si 1999. Alieleza kwamba wakala wake wa zamani, aliyemhifadhi Paris, ndiye aliyemgeuzia jina, naye akaishi kwa hofu chini ya mkono wa mtu huyo. Chama cha mpira cha Ujerumani kilimfungia miezi mitatu na kumtoza euro 30,000. Klabu haikupokonywa pointi. Wapo waliosema adhabu ilikuwa ndogo mno kwa udanganyifu wa jina. Mimi naiona kuwa ya haki, maana waliompima walitazama uongo pamoja na kamba iliyokuwa shingoni mwa aliyeutamka. Kijana aliye ugenini bila hati zake mwenyewe hana nguvu ya kukataa jina analopewa.

Wasomaji wa Dar es Salaam na Lubumbashi wanaikumbuka hadithi nyingine kama hiyo, ya mchezaji Bokungu. Mwaka 2011 TP Mazembe, mabingwa wa Afrika, waliwafunga Simba 3 kwa 1 kwao na 3 kwa 2 Dar es Salaam. Simba wakalalamika kwamba Janvier Besala Bokungu hakustahili kucheza, kwa sababu ya mkataba wake na Esperance ya Tunis, na shirikisho la mpira la Afrika, CAF, likawaondoa Mazembe mashindanoni. Makaratasi ya usajili hushughulikiwa ofisini, na mchezaji anavaa jezi aliyopewa. Hata hivyo kesi nzima iliitwa kwa jina lake. Nilifurahi sana mwaka 2016 Simba, wale wale walioshitaki, walipomsajili. Nilihisi kana kwamba mpira umemrudishia kitu.

Sisi wa Ituri, mkoa wetu wa nyumbani, hatuwezi kulichukulia jambo hili la kumwadhibu mtu kwa kosa la mwingine kama habari za michezo tu. Tumeona, tangu vita vya 1999, watu wakisimamishwa njiani na kuuawa kwa alichofanya mtu mwingine mwenye lugha kama yao. Aliyepiga yuko mbali, na anayefanana naye yuko karibu. Kadi nyekundu ni kitu kidogo mno mbele ya maiti, lakini mkono unaonyoosha kidole bila kuuliza ni ule ule.

Sasa niseme langu.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Tulicheza na vijana wa mtaa wa pili, mvua imetoka kunyesha, jezi zote zimekuwa tope tupu. Beki wao alikuwa amenichezea vibaya mchana kutwa. Mpira ulipokwenda upande wa ziwani na mwamuzi akageuka kuufuata, nilimkanyaga beki yule kifundoni kwa nguvu zangu zote. Alipiga kelele. Mwamuzi aligeuka, akamwona rafiki yangu amesimama karibu naye, akamtoa. Rafiki yangu aliniangalia. Nikainama, nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Wiki iliyofuata timu ilipanda Mahagi kwa mashindano, na wakubwa wa timu wakamwacha kwa utovu wa nidhamu. Nilikaa kwenye gari mahali ambapo angekaa yeye. Gari lilipoanza kupanda mlima alikuwa amesimama kando ya barabara na ndoo ya maji, na aliinua mkono kutuaga.

Mwaka huu nilishuka Mahagi-Port kwa msiba. Nilimkuta ufukweni na wanawe wawili, wanakunjua nyavu. Nikamwambia, omera, ndugu yangu, siku ile ni mimi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ghadhabu, au kwa maneno ya kunisamehe. Alikaa kimya kidogo, mikono ikiendelea kutoa majani kwenye nyavu.

"Kule juu mlishinda?" aliuliza.

Nikamwambia tulitolewa mechi ya kwanza. Akatikisa kichwa polepole, kwa huzuni ya mtu anayepata leo habari za timu yake, kisha akamwita mwanawe mkubwa aje ashike upande wa pili wa nyavu.