MCHUKUZI WA KHABARI

Ndugu msomaji, wengi husema: "Mimi sikuzua, nimepokea tu." Je, udhuru huu wafaa? Tazama Rwanda. Redio RTLM ilianza mwaka 1993 kwa nyimbo na mzaha, watu wakaizoea. Mwaka 1994 ikataja majina ya watu na mahali walipojificha, na wengi katika hao wakauawa. Mwaka 2003 mahkama iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili, na hali hawakushika panga. Lakini sauti ile ingalifika wapi lau kuwa wasikizaji hawakuichukua nyumba kwa nyumba? Leo kila mwenye simu ana redio mkononi. Basi kabla hujaipeleka khabari, uliza: ni nani aliyeyaona haya? Usipopata jawabu, inyamazie. Ulimi hauna mfupa, nao huvunja mifupa.