Mzee kwa Alama Kumi na Tano

Mchezaji wa Scrabble akipanga ubaoni neno "talaq", ambalo kamusi ya wachezaji wa Kiingereza imelikubali, hujipatia alama 14, na 10 kati ya hizo ni za herufi ya mwisho peke yake. Haulizwi maana yake. Katika pwani ya Waswahili neno hilohilo, kwa matamshi ya kwao, limewatoa wanawake majumbani na kuwatenga watoto na baba zao. Ubaoni ni njia tu ya kuiondoa Q, herufi nzito isiyopenda kukaa na wenziwe.

Aliyeubuni mchezo huo ni Alfred Butts, msanifu majengo wa New York aliyepoteza kazi wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Alizihesabu herufi katika kurasa za magazeti, akazipa thamani kwa uchache wake. Ndiyo maana wachezaji hodari huwinda maneno ambayo Mwingereza wa kawaida hajapata kuyatamka. "Cwm", lililotoka Wales, ni bonde la mviringo lililochongwa na barafu ubavuni mwa mlima. "Aa", la Hawaii, ni mwamba wa volkano wenye makwaruzo. "Qi" kwa Wachina ni nguvu ya uhai. Kwa mchezaji ni wokovu wa Q isiyo na U.

Kiswahili nacho kimo humo: ugali, kanzu, mzee. Mzee ana alama 15, na kwa kuwa sheria ni ya Kiingereza, wawili huitwa "mzees". Sikio la pwani hustuka hapo, na lina haki.

Mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa ilhali hakukisema Kifaransa. Alikuwa ameihifadhi kamusi kwa muda wa wiki chache. Mwaka 2024, huko Granada, akashinda na wa Kihispania. Je, mtu huyu ayajua maneno hayo? Kumbukumbu yake ni ya kustaajabiwa, na kuidharau ni husuda. Lakini anachokijua ni kwamba neno fulani limo. Hajui limo kwa sababu gani, wala nani aliwahi kulilia.

Yamkini msomaji atauliza: mbona mtoto wa chuoni huhifadhi juzuu nzima asijue Kiarabu, naye akasifiwa? Swali ni la haki. Tofauti haimo katika kutojua, kwani wote wawili hawajui. Mtoto yule hutawadha kabla ya kuushika msahafu. Anaamini kwamba ndani ya sauti zile mna jambo lililomzidi, na huenda akalifikia utu uzimani. Mchezaji ameshakata shauri kwamba maana haimhusu. Wa kwanza yuko mlangoni, wa pili ameugeuza mlango kuwa kuni.

Washairi nao wasicheke upesi. Wamo waliochokora neno la kale kamusini kwa kuwa lilitimiza kina, wakalitia katika kituo bila kulionja, na wasomaji wakalipokea kwa heshima kwa kuwa nao hawakulielewa.

Mwaka 2020, katika msimu wa maandamano yaliyofuata kuuawa kwa George Floyd, chama cha wachezaji wa Amerika Kaskazini kiliondoa katika orodha yake zaidi ya matusi 200 ya kibaguzi. Baadhi ya wachezaji walipinga kwa hoja ileile ya kale: ubaoni neno halina maana, ni umbo lenye alama. Kama ni hivyo kweli, kuyaondoa kungekuwa sawa na kuondoa maumbo mengine yoyote, na mabishano yangekuwa juu ya hesabu. Hayakuwa juu ya hesabu. Kwa miaka mingi mtu mweusi aliyeketi mezani, saa ikimhesabia dakika, alitakiwa alitazame tusi la babu zake likipangwa herufi baada ya herufi, kisha ainamie karatasi yake na kumwandikia mwenzake alama.