Sisi Tutakuwepo

Fomu ile ilikuwa na swali la kumi na nne ambalo kila aliyewahi kuomba ruzuku analijua: mradi utaendeleaje baada ya ufadhili kwisha? Waombaji wengi hulijibu kwa nusu ukurasa. Huandika kuhusu kamati endelevu, michango ya wanajamii na ushirikishwaji wa wadau. Kikundi kimoja cha akina mama kutoka upande wa kwetu, Kilwa, kiliandika maneno mawili tu: sisi tutakuwepo.

Nilikipa alama tatu kati ya kumi.

Nilikuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili, Dar es Salaam, na nilikuwa nimepata kibarua cha miezi mitatu katika mfuko mmoja mdogo unaotoa ruzuku kwa vikundi vya kijamii. Kazi yangu ilikuwa kusoma maandiko ya miradi na kuyapa alama kabla hayajafika kwa wenye uamuzi. Andiko likipata chini ya sitini liliishia kwangu. Hakuna mwingine aliyelifungua. Nilijiona karani tu. Kumbe kwa wale walioishia chini ya sitini, mfuko mzima ulikuwa mimi, feni yangu na kikombe changu cha chai.

Akina mama wale walitaka mashine ya kukamua mafuta ya ufuta. Palipoulizwa tatizo walieleza kwamba ufuta wanalima wenyewe, unapita ghalani, unauzwa mnadani, halafu wao haohao wanakwenda dukani kununua mafuta ya kupikia. Palipoulizwa mabadiliko yanayotarajiwa waliandika: mafuta. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa mtu aliyepita kwa mwalimu wa zamani. Jumla walipata arobaini na moja.

Mimi ni mtu wa Tingi, pale Njia Nne ambapo njia ya Kipatimu inaiacha barabara kuu ya kusini. Nilipoona anwani yao moyo ulinidunda, na papo hapo nikajikanya: usipendelee kwenu. Nikalisoma andiko lao kwa ukali kuliko mengine, makusudi, kisha nikaenda kula chakula cha mchana nikijiona mtu wa haki. Imenichukua karibu miaka miwili kuanza kuitilia shaka haki ile.

Tumezoea kusema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo inawajua watu wawili, mwenye kutoa na mwenye kupokea. Mimi haikunijua. Sikuwa na mali wala shida. Nilikuwa mkono wa katikati, unaopitisha cha mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Je, mkono huo unaweza kuwa karimu? Ukarimu kwa fedha ya mwingine ni jambo rahisi mno kuitwa wema. Ubahili nao hauna maana, kwa kuwa kisichotoka hakibaki mfukoni mwangu. Basi mtu wa katikati anapimwa kwa kipi? Kozi yangu ya maadili ilikuwa na mengi kuhusu wajibu wa tajiri na haki ya maskini. Kuhusu karani haikuwa na hata mhadhara mmoja.

Kilwa yenyewe ina hadithi ya utoaji ya zamani sana. Ibn Battuta alipofika Kisiwani mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyekuwa na lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Anasimulia kwamba siku ya Ijumaa, sultani akitoka msikitini, fakiri kutoka Yemen alimsimamisha na kumwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akarudi ndani, akabadilisha, akampa. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa kumpa fakiri watumwa kumi. Baba aliposikia jinsi watu wanavyosifu kitendo kile, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Nilipokuwa shuleni nilisimuliwa habari za sultani huyu kama fahari ya kwetu, na sehemu ya watumwa haikutajwa. Msafiri huyohuyo anaandika kwamba sultani alikuwa akiishambulia bara na kurudi na nyara. Bara ni upande huu tuliopo sisi. Watu ishirini walitolewa zawadi kwa sababu mtu mmoja alikuwa na moyo wa kutoa, na sifa zikaenda kwa aliyetoa. Anaandika pia kwamba sultani alitenga sehemu ya tano ya nyara kwa wanaostahili, na fungu la masharifu likawekwa hazina yake peke yake. Hapo ndipo akili yangu hukwama. Nani alishika ufunguo wa hazina ile? Nani alisimama mlangoni akisema wewe sharifu, wewe siyo? Mtu huyo hakuandikwa popote. Sultani alipokufa alirithiwa na ndugu yake Daud, ambaye ombaomba akimjia alijibiwa kwamba aliyekuwa akitoa amekufa na hakuacha cha kutoa. Watu walimlaumu Daud. Mshika ufunguo, ambaye pengine alikuwa yuleyule, hakulaumiwa wala kusifiwa.

Nimekuta mahali pamoja tu ambapo mtu huyo anatajwa waziwazi. Katika Sura ya at-Tawba, miongoni mwa makundi manane yanayostahili zaka, wamo wale wanaoitumikia, wakusanyaji na wagawaji wake. Utotoni, chuoni, nilidhani ni jambo la ajabu, mgawaji naye kuwa na fungu. Siku hizi naona ni ukweli usio na aibu: mkono wa katikati una tumbo, na ni heri tumbo hilo lijulikane na lihesabiwe kuliko kujifanya halipo.

Mfuko wa jamii wa kwanza, kwa maana inayotumika leo, ulianzishwa Cleveland, Marekani, mwaka 1914 na Frederick Goff, aliyeongoza kampuni ya amana. Kilichomsumbua Goff ni wafu. Matajiri walifunga mali kwa wosia, miaka ikapita, sababu ya wosia ikatoweka na fedha zikabaki zimefungwa. Mtu wa Pwani anayejua habari za wakfu haitaji maelezo zaidi. Goff akaziunganisha amana, na mbele ya fedha akaiweka kamati ya watu hai wa mji huo, baadhi yao wakiteuliwa na viongozi wa umma. Mtindo huo ulisambaa. Kenya ilipata Kenya Community Development Foundation mwaka 1997. Ninachokipenda katika wazo la Goff ni kwamba wajumbe wake walikuwa wakazi wa mahali fedha zilipokwenda. Kule nilikofanya kibarua, neno jamii lilibandikwa ukutani, na hakuna hata mmoja wetu aliyeishi walikoishi waombaji. Mwenzangu mmoja aliniambia hiyo ndiyo faida yenyewe, kwamba hatumjui mtu.

Ana hoja. Ukaribu una sumu yake, na mimi nimeiona.

TASAF, iliyoanza mwaka 2000, ilipozindua mpango wa kunusuru kaya maskini mwaka 2012 iliweka jamii yenyewe katika hatua ya kwanza: majina ya kaya yanapendekezwa na kusomwa mkutanoni, watu wanakubali au wanapinga, kisha huja dodoso na hesabu ya kompyuta. Fikiria maana ya kusimama mbele ya kijiji na kusema fulani ni maskini. Au kusema siyo, bado.

Shangazi yangu hakuwa katika mpango huo, lakini aliwahi kuwa mjumbe wa kamati ndogo ya kitongoji iliyogawa msaada wa chakula, mwaka mmoja wa njaa. Mahindi hayakutosha. Jirani yake, mwanamke waliyekua pamoja na kuchezwa pamoja, alikuwa na nyumba ya bati aliyojengewa na mwanawe. Bati lilionekana na kila mtu. Ambacho hakikuonekana, na ambacho shangazi alikijua, ni kwamba mwana yule alikuwa haleti tena kitu. Angeweza kusema. Hakusema, kwa sababu watu wangeona anambeba shoga yake. Jina halikuingia. Jina jingine, la mzee mwenye maneno makali, liliingia bila kustahili kwa kuwa hakuna aliyetaka ugomvi naye.

"Yule mzee alikufa," shangazi aliniambia. "Huyu mwingine nilikutana naye kisimani kesho yake asubuhi. Na kesho kutwa. Na mpaka leo nakutana naye."

Nikamwuliza walisemeshana nini pale kisimani. Akasema walisalimiana. Kwamba kwa mwaka mzima walisalimiana tu, na kabla ya siku hiyo hawakuwahi kuishia kwenye salamu.

Utaona kwamba mimi na shangazi tulifanya kosa moja. Wote wawili tulimnyima mtu tuliyekuwa na sababu ya kumpa, ili tuonekane hatupendelei. Tofauti ni kwamba yeye alilipa. Alilipa kila asubuhi akiwa na ndoo kichwani, na baadaye, mvua ziliporudi, alimpelekea jirani yule debe la mahindi yake mwenyewe, na jirani akalipokea bila kusema kitu. Mimi nililipwa posho, nikapewa barua ya shukrani, nikaondoka baada ya miezi mitatu. Afisa aliyenipokea alihamia shirika jingine. Mradi ulikuwa wa miaka mitatu. Miongoni mwa watu wote waliohusika na karatasi ile, waliokuwa na uwezo wa kuandika kwa ukweli kwamba watakuwepo ni wale niliowapa alama tatu.

Sisemi kila ruzuku igawiwe kisimani. Zipo njia nyingine. Wilaya hiihii ya Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009, kwa msaada wa shirika la MCDI, cheti cha FSC cha misitu yao, vya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji. Mbao za msitu wa kijiji zikiuzwa, fedha inaingia kijijini na mkutano mkuu ndio unaoamua iende wapi. Hapo anayetoa, anayegawa na anayepokea wamekaa kwenye mkeka mmoja. Wanabishana, nina hakika. Lakini anayesema hapana anasema akiwa amekaa.

Mwaka huu, baada ya mavuno ya ufuta, nilikuwa nyumbani. Mwenyekiti wa kikundi kile alikuja barazani kwa shangazi na bahasha ya kaki. Alikuwa amesikia kuna mtoto wa chuo. Kuna mfuko mwingine umetangaza, akasema, naye alikuwa na nakala ya andiko la zamani. Nimwoneshe walikosea wapi.

"Shikamoo, mama," nilisema. "Andiko hili nililisoma mimi."

Akaniangalia muda. Shangazi akaacha kupepeta.

"Ulitupa ngapi?"

Nikamwambia. Nikamwambia na ya swali la kumi na nne. Niliendelea kusema, nadhani, zaidi ya ilivyohitajika, kuhusu vigezo na jinsi kazi ile inavyofanywa, na kwamba jibu lao lilikuwa sahihi, na kwamba safari hii tusilibadilishe hata herufi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "sisi tunataka mashine. Wewe unajua wanavyotaka. Jaza."

Basi nikajaza. Kamati endelevu, michango ya wanajamii, ushirikishwaji wa wadau: nusu ukurasa. Aliniomba nimsomee nilichoandika. Nikamsomea.

"Maneno yote hayo maana yake tutakuwepo?"

"Ndiyo, mama."

"Haya," akasema, akatoa miwani yake kwenye pochi ili atie sahihi.