Mwenye Nyumba na Mpangaji

Mwanadamu hawezi kuishi bila ya chakula, mavazi na makao. Chakula hununuliwa kikaliwa kikaisha, na nguo huvaliwa ikachakaa. Muuzaji na mnunuzi wakishaagana hawadaiani tena. Makao hayako hivyo. Mtu akipanga chumba katika nyumba ya mwenzake, wawili hao hufungwa pamoja mwezi baada ya mwezi: mmoja ana mali yake, na mwingine ana maisha yake ndani ya mali hiyo. Kwa sababu hii kupangisha nyumba ni biashara inayotaka hesabu, na papo hapo ni jambo linalotaka haki. Nataka, ewe kijana msomaji, tulitazame kwa pande zote mbili, kwa kuwa baada ya miaka michache wengi wenu mtakuwa wapangaji, na baadhi yenu, Mungu akipenda, mtakuwa wenye nyumba.

Wako watu wasemao kwamba mwenye nyumba hula jasho la wengine, kwa kuwa hupata fedha naye amelala. Neno hili si la haki. Nyumba haikuota kama uyoga. Aliyeijenga alijinyima leo ili apate kesho, naye amewapa makao watu wasioweza kujijengea. Tazama nyumba za Kiswahili za Mombasa. Ujia hupita katikati, kutoka mlango wa mbele mpaka uani, na vyumba hupangwa kuume na kushoto, mara nyingi vitatu huku na vitatu huku. Mwenye nyumba aweza kukaa katika chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki, na uani wote hushiriki maji, jiko na choo. Kwa njia hiyo wajane wengi wamelea watoto, na wageni wengi wa mji wamepata pa kuweka mkeka.

Tena katika mji huo liko jambo la mazingatio. Nyumba nyingi za Mombasa zimejengwa katika ardhi ya mtu mwingine. Aliyejenga ana kuta na paa, lakini udongo si wake, naye humlipa kodi mwenye ardhi. Basi mtu yule yule ambaye asubuhi hubisha mlango wa mpangaji kudai kodi, jioni yeye mwenyewe hudaiwa kodi ya kiwanja. Akisahau jinsi anavyoumia moyo anaposikia kwamba ardhi yaweza kuuzwa, atakuwa mkali kwa wapangaji wake. Akikumbuka, atakuwa mwadilifu. Hakuna mwalimu wa haki aliye bora kuliko kukaa mahali pa anayedaiwa.

Sasa natuseme juu ya kuanza. Anayetaka kununua kiwanja asiridhike na maneno matamu ya dalali wala na karatasi aliyoonyeshwa. Na aende ofisi ya ardhi akatafute jina la mwenyewe katika daftari, aone kama kiwanja kimewekwa rehani au kina kesi. Kisha apate idhini ya ramani ya jengo kabla ya kuchimba msingi.

Baada ya hayo, na ashike kalamu. Tuseme mtu amejenga vyumba 10 kwa shilingi 3,000,000, na kila chumba kodi yake ni shilingi 4,000 kwa mwezi. Mjinga atahesabu shilingi 480,000 kwa mwaka na kuanza kuzitumia. Mwenye busara atajua kwamba vyumba havijai siku zote. Ikiwa sehemu moja katika kumi itapotea kwa vyumba vitupu, zitabaki 432,000. Ushuru wa serikali juu ya kodi za makao, ambao tangu Januari 2024 umekuwa asilimia 7.5, utachukua 32,400. Akitenga 100,000 kwa mabati, mabomba, choo na mlinzi, atabakiwa na 299,600. Kwa hiyo fedha alizotoa zitamrudia baada ya miaka kumi na siku kadhaa, na hapo hatujataja riba ya mkopo. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari.

Lakini iko hesabu nyingine isiyoandikwa katika daftari. Mnamo tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ilipokuwa ikinyesha Nairobi, jengo la ghorofa liliporomoka usiku katika mtaa uitwao Huruma. Lilikuwa limejaa wapangaji, na lilisimama kando ya mto. Watu wapatao 50 walikufa. Watu hao walikuwa wamelipa kodi ili wapate mahali pa kulala salama. Kila anayepunguza saruji na chuma ili aongeze ghorofa na aijue habari hii. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa mwingine haungoji ukuta, hungoja kaburi.

Hebu sasa tulikabili swali lililo gumu zaidi. Mpangaji aliyelipa vyema kwa miaka mitatu ameugua. Kazi imemponyoka, na miezi miwili imepita bila ya kodi. Ana mke na watoto watatu. Mwenye nyumba naye ana mkopo wa kulipa na ada za shule. Afanye nini? Baadhi ya wenye nyumba hung'oa mlango, huezua mabati au hukata maji, ili mpangaji aone taabu ahame mwenyewe. Hilo ni ovu. Kudai deni ni haki. Kuwatesa watoto kwa ajili ya deni la baba yao si haki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 hulinda mali ya mtu katika Kifungu cha 40, na katika Kifungu cha 43 humpa kila mtu haki ya kupata makao yanayofaa. Vifungu hivyo viwili viko katika kitabu kimoja, wala kimoja hakikuandikwa kumla mwenzake.

Utaniuliza, "Je, mwenye nyumba amvumilie kila mtu mpaka afilisike?" La. Na apambanue asiyeweza na asiyetaka. Asiyetaka kulipa, na apelekwe mbele ya sheria. Asiyeweza, na apewe muda unaojulikana, kwa maandishi; deni lake ligawanywe kwa miezi; na kama hapana tumaini, aambiwe mapema kwa heshima ili atafute chumba cha kodi ndogo. Lakini haya yote yanataka kitu kimoja, nacho ni akiba. Mtu aliyejenga kwa mkopo mtupu, akategemea kila chumba kilipiwe kila mwezi ndipo benki iridhike, hana uwezo wa kuwa mwema hata akiwa na moyo mwema. Aliiuza huruma yake siku alipotia sahihi. Ndiyo maana nasema kwamba tabia ya mwenye nyumba huanza kujengwa kabla ya nyumba yenyewe. Anayetaka kuwa mwadilifu na aanze kwa kidogo, akope kwa kiasi, na aweke kando kodi ya miezi michache kwa ajili ya siku ya shida, yake na ya mpangaji wake.

Mpangaji naye hana ruhusa ya kujificha nyuma ya umaskini. Na alipe kwa siku yake, atunze stakabadhi, asiharibu kitu cha mwenzake kwa kuwa si chake, na akipatwa na shida aende kuieleza kabla hajafuatwa. Anayezima taa na kunyamaza anaposikia hodi ya mwenye nyumba huivunja imani iliyokuwa ngao yake.

Kijana msomaji, siku utakapopewa funguo, ama za kumpa mpangaji, ama za kupokea kutoka kwa mwenye nyumba, kumbuka kwamba mlango mmoja una pande mbili. Aliye nje ana haki ya kulipwa, na aliye ndani ana haki ya kulala bila ya hofu. Kila mmoja akilinda haki ya mwenziwe, nyumba itadumu, na kodi itakuja bila ya kugombaniwa.