Jirani Asiye na Kipande

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza mwana-Adamu kabla jina lake halijaandikwa katika daftari la mtawala yeyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyehama mji wake akapokewa na watu wa mji mwingine.

Ama baada ya hayo, enyi ndugu zetu wa Mombasa, Lamu, Malindi na miji yote ya mwambao: wengi wenu mna watoto na jamaa katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kama Kariokor, Pumwani na Eastleigh. Katika mitaa hiyo wamo majirani wasio na kipande. Yatupasa tujue haki yao juu yetu ni ipi.

Jina la Kariokor lenyewe ni funzo. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi wa Kiingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, kama lilivyotokana jina la Kariakoo ya Dar es Salaam. Makumi ya maelfu ya wachukuzi hao walikufa, wengi kwa maradhi. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika kuitumikia dola hiyo, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda wengine hawakukumbukwa kabisa. Na serikali hiyo hiyo iliyoacha kuandika majina ya wafu, iliwatundika kipande shingoni wanaume wa Kiafrika waliosalia hai. Basi karatasi hufuata haja ya mwenye kuiandika. Haipimi thamani ya mtu.

Leo asiye na kitambulisho hawezi kusajili simu kwa jina lake, hafungui akaunti benki, na hupata taabu kuingia katika bima ya afya ya jamii iliyoanza Oktoba 2024. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hukwama katika kuandikishwa shule na mitihani. Waislamu wayajua haya zaidi ya wengine. Wanubi wa Kibera na Wasomali walihojiwa miaka mingi na kamati za wazee kabla ya kupewa kitambulisho, na Wapemba wa Kilifi na Kwale walikaa vizazi bila ya uraia hata walipotambuliwa mwaka 2023.

Twailaumu serikali kwa hayo, na lawama hiyo ni ya haki. Lakini je, sisi wenyewe? Mtoto akija madrasa huulizwa kwanza, "Huyu ni wa wapi? Kabila gani?" Mjane akija kutaka zaka hutakiwa kitambulisho. Twalia kwa dhulma ya afisini, kisha twaifanya mlangoni mwa msikiti!

Hebu tumtazame Mtume wetu. Ahlu Suffa walikuwa maskini waliokuja Madina, hawana nyumba wala jamaa. Akawaweka msikitini mwake, akagawana nao chakula. Na palikuwa na mtu akiufagia msikiti, wapokezi wengine wasema ni mwanamke mweusi. Alipokufa, Masahaba walimzika wasimwambie Mtume, kana kwamba jambo lake ni dogo. Mtume alipouliza khabari zake, akataka aonyeshwe kaburi, akamsalia hapo. Tazameni aya ya 60 ya Sura ya Tawba: yataja mafungu manane ya wapewao zaka, akiwamo msafiri aliyekwama, wala haikushurutisha karatasi. Na Sura ya Nisaa, aya ya 36, yatuamrisha wema kwa jirani wa karibu na wa mbali.

Huenda mtu akasema: "Tukiwasaidia hawa, tutawaficha wavunja sheria." Twamjibu: kukosa karatasi si wizi, na kumtibu mgonjwa si kumficha mhalifu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yenyewe, katika kifungu cha 43, yakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Na kifungu cha 53 champa kila mtoto haki ya jina, uraia na elimu ya msingi ya bure. Wala hatusemi vyeti vighushiwe, kwani huo ni uwongo, na uwongo ni haramu.

Basi tufanye mambo matatu. Kwanza, madrasa, zahanati na sanduku la zaka zitazame haja ya mtu, si kipande chake. Pili, kila msikiti uweke watu wawili watatu wenye kuzijua fomu, wawahimize wazazi kuandikisha mtoto kabla hajatimiza miezi sita, na wawasindikize wanyonge afisini. Tatu, fedha zinazomwagwa katika karamu za fakhari, sehemu yake ilipie nauli na ada za vyeti hivyo.

Katika makaburi ya Waislamu yaliyopo Kariokor wote hulazwa kuelekea kibla kimoja: mwenye kitambulisho na asiyekuwa nacho. Kumzika Mwislamu twajua kuwa ni faradhi juu yetu sote. Itakuwaje basi tumkubali akiwa maiti, na tumkatae akiwa hai na njaa?

Ewe Mola wetu, tulainishie nyoyo zetu, wala usitufanye miongoni mwa wafungao milango. Amin.